Ukuta Utakaombeba Mama: Kufunga Kinyanyuzi cha Kuogea Nyumbani

Mama yetu mzazi, ambaye umri wake umeshavuka miaka 80, alituuliza suala la tayammum mara tatu katika muda wa wiki mbili. Mara ya kwanza tulimjibu kwa ufupi kwamba mwenye kuyapata maji, na akaweza kuyatumia bila ya madhara, basi maji ndiyo wajibu wake. Mara ya pili tulimweleza habari za mgonjwa na mwenye jeraha. Mara ya tatu tukamsomea mlango mzima, kama tunavyowasomea wanafunzi baada ya Isha, tukitaja kauli hii na ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akajitengeza mtandio, akasema, "Haya mwanangu, nimefahamu." Usiku ule mama watoto akatwambia kwamba tumejibu swali ambalo halikuulizwa. Mama hakuwa na shida ya fikihi. Mama alikuwa akiogopa hamamu.

Siku kadhaa kabla yake, kiti cha plastiki alichokuwa akikalia kuoga kiliteleza mguu mmoja juu ya vigae vyenye povu la sabuni. Hakuanguka. Alilidaka bomba la maji, bomba likalegea ukutani, naye akabaki ameshikilia hapo mpaka alipopata nguvu ya kukaa tena. Hakumwita mtu. Waliokuwamo nyumbani saa ile ni wanawe wa kiume na wajukuu wa kiume, na hali aliyokuwa nayo haikuwa ya kumwita mwanamume, hata awe amemzaa mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa anajipangusa kwa kitambaa chumbani mwake, mlango umefungwa, na sisi tuliopita ukumbini tukidhani yumo katika uradi.

Tunaandika haya kwa ajili ya mabinti na wakazamwana wanaosoma jarida hili, kwani katika nyumba nyingi ni wao wanaomwinua mzee na kumshusha, na migongo inayoumia ni yao. Tunaandika pia kwa wanaume wa nyumba hizo, kwa kuwa wao ndio hutoa fedha na kumleta fundi, na makosa tutakayoyataja ni makosa ya kiume.

Kifaa kilitufikia kwa meli, ndani ya shehena ya mpwa wetu anayeishi Uingereza. Nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ina hodhi la kuogea, lile refu la mtu kujinyoosha ndani, alilolitia ndugu yetu marehemu aliporudi kutoka Muscat. Alilitia chumba cha chini, nasi tunamshukuru kwa hilo kila tunapolikumbuka. Hodhi likijaa linaweza kuwa na maji ya kilo 150 na zaidi, mbali na chuma chake na mwogaji wake, na dari ya boriti za mkoko haikuwekwa kwa mzigo wa namna hiyo.

Kinyanyuzi cha aina yetu ni sanduku dogo linalofungwa ukutani juu ya hodhi. Ndani yake mna mota, betri na gurudumu la kukunjia mkanda mpana wa kitambaa kigumu. Mkanda hupita juu ya hodhi kutoka ukutani mpaka ukingo wa pili, na ncha yake hushikwa na bamba lililofungwa sakafuni. Mwogaji hukaa juu ya mkanda ukiwa umekazwa, kama akaaye kwenye benchi, akaingiza miguu mmoja mmoja, kisha akabonyeza kitufe. Mota huuachia mkanda taratibu, naye akashuka mpaka majini. Akimaliza hubonyeza tena, mkanda ukajikunja na kumpandisha. Ipo aina nyingine isiyogusa ukuta kabisa, nayo ni kiti chenye miguu ya mpira inayojing'ang'aniza chini ya hodhi. Anayekaa nyumba ya kupanga aanze kwa kuulizia hiyo.

Tunajua kwamba walio wengi hawana hodhi. Hamamu za wazee wetu zilikuwa na birika la kujengea, na vijisamaki ndani yake vya kula viluwiluwi vya mbu, na mtu akioga kwa kata hali amekaa kigodani. Kwa nyumba kama hizo, kinachofaa ni kiti cha kukunja kinachofungwa ukutani pamoja na vishikio vya chuma kando yake. Yote tutakayoyasema juu ya ukuta yanahusu kiti hicho sawasawa.

Fundi wa kwanza tuliyemleta alikuwa kijana hodari wa vigae. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatutazama, akasema, "Maalim, huu ukuta ni wa zamani." Tulimjibu, na hatujivunii jibu lile, kwamba ukuta huu umesimama kabla hajazaliwa babu yetu na hautatuangusha leo. Shaaban ilikuwa ikielekea mwisho, nasi tulitaka mama aingie Ramadhani na raha yake. Kijana akatoboa matundu manne, akatia bolti za kutanuka, akakaza kwa nguvu zake zote. Kwa macho, kifaa kilisimama vizuri kuliko katika picha ya karatasi yake. Kisha sisi wenyewe, ambao kilo zetu hatuzitaji hapa, tukakaa juu ya mkanda na kanzu yetu, hodhi likiwa kavu. Bolti mbili za juu zikatoka polepole, kama jino la mtoto, na vumbi jeupe likatumwagikia mapajani.

Kijana hakucheka. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni akishika fremu, alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini, akarudi chumbani kwake.

Hebu tuutazame ukuta ule. Kuta za Mji wa Kale, kama zile za Lamu, zimejengwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe vilivyoshikamanishwa kwa chokaa, mara nyingi kwa unene wa karibu nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hubeba ghorofa kwa sababu uzito wote unaushindilia kwenda chini, jiwe juu ya jiwe. Bolti ya kutanuka huutaka kazi nyingine. Hujipanua ndani ya tundu, ikategemea ugumu wa kile kilichoizunguka, halafu ikavutwa kwenda nje. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, chokaa ni laini, na baina ya nyuso mbili za ukuta mna vijiwe na vifusi. Kadiri unavyoikaza bolti humo ndivyo inavyousaga ukuta unaotarajia uishike. Ule uzee tuliojisifia ulikuwa ushahidi wa kubeba, na sisi tulikuwa tunataka ushahidi wa kuvutwa.

Jambo la pili ni la mkanda wenyewe. Kila aliyeanika nguo analijua. Kamba ya kuanikia ikiachwa inalegea, hubeba kanga mbichi bila ya taabu, lakini ikikazwa ikanyooka, kanga ile ile huipinda nguzo. Mtu wa kilo 70 akikaa katikati ya mkanda ambao umebonyea kidogo tu, kila upande unaweza kuvutwa kwa nguvu ipitayo uzito wake wote. Kwa hiyo usiseme, "Mama ni mwembamba, ukuta utamudu." Ukuta hauulizwi kilo za mama peke yake.

Nyumba mpya zina kuta za namna nyingine, na kila moja ina hila yake. Mawe ya matumbawe yaliyokatwa kwa mashine na kujengewa saruji ni afadhali, ingawa nayo ni laini kuliko zege. Humo matundu hutobolewa kwa drili isiyopiga nyundo, lisije jiwe likapasuka, na bolti hushikizwa kwa gundi maalumu ya resini ndani ya ala yake, ikaachwa ikauka kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe. Matofali ya saruji yenye uwazi ndani hudanganya zaidi, kwa kuwa uso wake ni mgumu na nyuma yake mna hewa tupu. Ukuta wa mbao za jasi usifungiwe chochote cha kubeba mtu mpaka ufunguliwe na kutiwa mihimili nyuma yake. Nguzo ya zege ikipatikana mahali panapofaa, hiyo ni neema. Fundi mzuri hugonga akasikiliza, hutoboa tundu moja dogo la majaribio, akatazama rangi ya unga unaotoka na mahali drili inapozama ghafla. Akianza kazi bila ya kufanya hivyo, mwombe afanye, na asikasirike.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa mawe, mtu wa maneno machache. Alibandua vigae vinne, akachokora chokaa kwa bisibisi, akasema kwamba ukuta huu haufungiwi kwa kuutanua bali kwa kuubana. Maana yake ni kupitisha vyuma vyenye nyuzi kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kuweka bamba la chuma huku na bamba huko, ukuta ukawa katikati kama andazi baina ya vidole. Nguvu ya kuvuta ikitawanyika juu ya bamba zima, mawe hurudi kwenye kazi waliyoizoea, yaani kushindiliwa.

Tatizo ni kwamba upande wa pili wa ukuta ule ni chumba cha jirani.

Wanafunzi wetu wanaijua hadithi aliyoipokea Abu Huraira, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba jirani asimzuie jirani yake kuchomeka mti katika ukuta wake. Tumeisomesha miaka mingi, pamoja na hitilafu za wanavyuoni kama hilo ni wajibu au ni wema unaopendekezwa. Hatukupata kufikiri kwamba siku moja sisi ndio tutakaosimama mlangoni kwa mtu na haja ya mti wetu. Jirani ni bibi mjane anayekaa peke yake. Hatukumsomea hadithi, kwani kumsomea mtu hukumu hali unamwomba ukuta wake ni kumfunga mdomo. Tulimweleza habari ya kiti cha plastiki na bomba. Alinyamaza, kisha akasema, "Ukuta ni wa Mwenyezi Mungu, Maalim, lakini lipu ni yangu. Mnirudishie kama mlivyoikuta."

Kwa wale ambao upande wa pili wa ukuta wao ni njia ya watu, tunawakumbusha kwamba Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi, na mji mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Bamba lisitokeze nje kabla ya kuulizwa wahusika wa hifadhi.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Kabla ya kutoboa, mzee alizima swichi kuu, akafunga maji, akafuatilia kwa kidole mahali mabomba na nyaya zinapoweza kupita, akianzia kila bomba na kila swichi na kwenda juu, chini na kando. Vyuma alivyopitisha vilikuwa vya unene wa milimita 12, na mabamba ya milimita 6. Alipima kwa pimamaji mara nyingi kuliko tulivyoona haja, mpaka akatueleza kwamba mkanda ukikaa upogo mtu huteleza upande mmoja. Nati alizikaza kwa zamu, moja kidogo, ya pili kidogo, akaacha mara bamba lilipokaa sawa, kwani kukaza kupita kiasi kungeyavunja mawe. Kila tundu lilizibwa kwa silikoni, maji yasipate njia ya kuingia ukutani. Bamba la sakafuni nalo halikuachwa. Alivunja kigae, akahakikisha chini yake mna zege hasa, si udongo uliolainishwa juu kwa saruji.

Chuma chenyewe kina habari yake. Hewa yetu ina chumvi, na visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Bolti za kawaida za dukani, hata ziwe zimepakwa rangi ya fedha, huanza kulia machozi mekundu zikingali mpya. Ulizeni chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho hustahimili chumvi kuliko lile daraja la 304 lililozoeleka majikoni. Bei yake ni ya juu, lakini tulipolinganisha na gharama ya mfupa wa nyonga hatukubishana na muuzaji.

Kisha ukaja mtihani. Safari hii hatukukaa wenyewe. Tulipanga juu ya mkanda mitungi mitano ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo ni kilo 100, baada ya kuhakikisha kwamba kipimo hicho hakivuki uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye kibati cha kifaa. Mama ana kilo 58. Mzee akachora kwa penseli ukutani kuzunguka kingo za sanduku, mitungi ikaachwa usiku kucha. Asubuhi baada ya Alfajiri tulikwenda na kurunzi kuitazama ile mistari ya penseli kwa makini ambayo, Mwenyezi Mungu atusamehe, hatukuwa tumeileta katika sala. Haikuachana hata kwa unene wa uzi. Upande wa jirani, lipu haikuwa imepata ufa.

Juu ya umeme hatutasema mengi, ila yasemwayo yafuatwe. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 240, na mtu aliyelowa maji hana ngao. Kifaa chetu hutumia betri, na betri huchomolewa ikachajiwa ukumbini, mahali pakavu. Chaja haiingii hamamuni hata siku moja, wala waya wa nyongeza haupitishwi chini ya mlango. Kinyanyuzi kinachotaka waya wa kudumu kifungwe na fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, na nyumba iwe na kile kikata umeme kinachokata kwa uvujaji wa milliampia 30. Wenye bomba la manyunyu la umeme wanaolihisi likiwachoma vidole wamwite fundi huyo kesho, kiwepo kinyanyuzi au kisiwepo. Betri ichajiwe kila baada ya kuoga. Chetu hukataa kumshusha mtu kama hakina nguvu ya kumpandisha, na hiyo ni busara tuliyoithamini kwa namna umeme unavyokatika. Anayenunua aulize kama chake kina tabia hiyo.

Wa mwisho kuulizwa alikuwa mama, na alipaswa kuwa wa kwanza. Tulikuwa tumechagua upande wa kitufe kwa kuangalia mahali waya unapokaa vizuri, naye mkono wake wa kulia hauinuki tangu zamani. Kitufe kikahamishwa kushoto. Alitaka kishikio mahali ambapo sisi tusingepafikiria, karibu na mlango, kwa ajili ya zile hatua mbili za kwanza ambazo miguu imelowa. Tulimwekea cha chuma, cha unene wa mkono kuweza kukikumbata, nacho kimebanwa kwa mabamba vilevile. Vile vishikio vya kubandika kwa mpira wa kunyonya havifai kubeba mtu, kwani huachia bila ya kuaga. Mlango tuliugeuza ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka nyuma ya mlango ufungukao ndani huwa yeye mwenyewe ndiye komeo. Komeo la ndani tuliliondoa, pakawekwa lile linaloweza kufunguliwa kwa sarafu kutoka nje. Hapo mama alisita, maana sitara ndiyo iliyomfikisha kwenye kitambaa na beseni. Tulikubaliana kwamba atakayekaa ukumbini ni mama watoto au binti yetu, na mlango hautaguswa ila kwa sauti yake.

Alifanya mazoezi siku tatu hodhi likiwa kavu, amevaa dera, akipanda na kushuka. Siku ya pili alimwita mjukuu wa miaka sita apande, tukamzuia, na hapa tunawazuia nyinyi pia. Mkanda huu hauna mgongo. Asiyeweza kukaa wima bila ya kuegemea, au anayepatwa na kizunguzungu cha ghafla, unaweza kumtupa nyuma, na huyo atafutiwe kiti chenye mgongo na kamba ya kifuani, baada ya kuonwa na mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali. Wapo watakaoambiwa kwamba hawahitaji chochote isipokuwa kishikio kimoja na mkeka wa mpira. Wakubali, fedha ibaki.

Mama alioga Alhamisi, siku mbili kabla ya Ramadhani. Alikaa humo muda mrefu hata tukawa na wasiwasi, na mama watoto akatuashiria kwa mkono tunyamaze. Tulisikia maji, kisha tukasikia mota, kisha maji tena. Alipotoka alikuwa amejifunga leso mbili, na chumba kizima kikanuka udi kabla hajafika kitandani. Hajatuuliza tena suala la tayammum.

Mistari ya penseli tumeiacha ukutani, na kila mwezi unapoandama tunaitazama na kuzijaribu nati kwa spana. Upande wa pili, jirani ametundika kioo juu ya bamba letu. Juma lililopita alituma mtoto kuuliza kama yule mzee wa mawe angali anafanya kazi, kwani hamamu yake yeye ina ukuta mmoja wa matofali ya saruji na mwingine hajui ni wa nini. Tumemwambia mzee aje Jumamosi na drili yake ndogo.